Fan Kuei-jung, Aliyeikataa Beji ya Kijani

Alizaliwa Xinpu, tarehe 3 Aprili 1968. Alifariki Hsinchu, tarehe 22 Oktoba 2024.
Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Fan Szu-tung, mtoto wa kaka yake.

Wazee wetu, Mjomba Tseng, ndugu, majirani wa Xinpu mlioacha matunda yenu ya persimoni juani mkaja, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na sare za kazi: tuliombwa wasifu huu uwe mfupi. Tuliombwa pia useme kwamba Shangazi Kuei-jung alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Ufupi tumejitahidi. Hilo la moyo tumelikataa. Mkisikiliza hadi mwisho mtajua kwa nini, na baadhi yenu mtajua ni kitu gani mmekivaa kifuani hivi sasa.

Marehemu alikuwa mtoto wa pili na binti pekee wa hayati Mzee Fan Teh-shui na Bi. Peng Chao-mei. Alizaliwa nyumbani, katika nyumba ile ile ambamo Bibi yangu ameketi leo peke yake, kwa kuwa desturi yetu haimruhusu mama kumsindikiza mwanawe. Familia ilikuwa ya wakausha persimoni, kama wengi wenu. Upepo wa mwezi wa kumi ulipoanza kushuka kutoka milimani, watoto wote waliitwa kumenya, na Shangazi alimenya mpaka vidole vikawa na rangi ya chai. Alikuwa na maswali mengi. Kwa nini persimoni mbichi inakaza ulimi na kavu ni tamu? Bibi alikuwa na jibu moja tu kwa maswali yote: "Menya."

Alipokuwa darasa la tatu alisahau msumari wenye kutu ndani ya bakuli la maji ya persimoni mbichi. Kesho yake maji yalikuwa meusi kama wino. Mtoto mwingine angemwaga. Shangazi alichukua kijiti, akachovya, akaandika maneno mgongoni mwa shati jeupe la shule la kaka yake, ambaye ndiye Baba yangu, aliyekaa pale mbele na amekataza nisiyataje maneno yenyewe. Nitasema tu kwamba yalihusu ng'ombe. Baba alilivaa shati bila kujua, akaenda nalo shule, akarudi analia. Bibi alilifua kwa sabuni, kwa chumvi, akalichemsha. Maneno yakabaki.

"Umeweka nini humu?" Bibi akamuuliza.

"Msumari, Mama."

"Msumari gani unaoandika?"

"Msumari na persimoni. Vimeshikana mikono, sasa havitaki kuachana."

Alichapwa. Lakini aliniambia miaka mingi baadaye kwamba siku ile ndipo kazi yake ya maisha ilipoanza: metali moja katikati, imekumbatiwa na kitu kilichotoka kwenye mti, na wawili hao wakazaa rangi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Aliyoyafanya baadaye, ambayo yako ndani ya simu zenu mnazozima sasa hivi, ni shati lile la Baba, ila limefanywa kwa ustadi zaidi.

Alisoma shule ya msingi Xinpu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha shule ya kati hapo hapo, kisha sekondari ya wasichana Hsinchu, ambako alikuwa anaamka kabla ya jogoo ili awahi basi. Mwaka 1986 aliingia chuo kikuu kusoma kemia. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1990, ya uzamili mwaka 1992, na uzamivu tarehe 19 Juni 1998. Babu alihudhuria siku ile na kikapu cha persimoni kavu, akamgawia kila profesa, akimwambia kila mmoja, "Huyu binti aliniharibia shati."

Katika kuutafuta uzamivu alimpata Mjomba Tseng Kuo-chuan, aliyekuwa fundi wa kupuliza vioo katika idara ile. Kila chombo cha kioo kilichovunjika kilipelekwa kwake. Shangazi alipeleka mrija mmoja uliovunjika, Mjomba akaurekebisha. Akapeleka wa pili. Alipopeleka wa tatu, Mjomba aliushika kwenye mwanga akaugeuza.

"Dada, huu haukuvunjika. Huu umekatwa kwa tupa."

"Umekatwa vizuri?"

"Vizuri sana. Nani kakufundisha?"

"Nimekutazama wewe ukikata."

Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1996. Hawakujaliwa mtoto. Mimi nilihamia kwao nilipofaulu kwenda sekondari Hsinchu, na kwa miaka minne nimekula chakula chao na kuwachosha kwa maswali. Shangazi aliniita Mwiba wa Samaki, kwa sababu, alisema, swali langu likishakwama kooni halitoki kwa maji wala kwa wali. Hakuwahi hata siku moja kuniambia "menya."

Tarehe 5 Machi 2001 aliajiriwa na kampuni aliyoitumikia hadi kifo chake. Sitaitaja hapa. Jina lake limeandikwa kwa maua kwenye shada kubwa kuliko yote pale mlangoni na tena juu ya ule mnara wa makopo ya vinywaji waliouleta kama rambirambi, kwa hiyo kila aliyeingia ameshalisoma.

Kazi yake ilikuwa kupika unga unaotoa mwanga kwenye vioo vya simu. Nilimuuliza unapikwaje, naye akaniita jikoni akanionesha kwa mikono. Katikati kuna chembe moja ya iridi, metali adimu kuliko dhahabu. Pembeni yake kuna vipande vitatu vya kaboni vinavyoishika, kama watoto watatu waliomzunguka mwenzao. Umeme ukipita, chembe inapata nguvu ambayo haiwezi kuihifadhi, inaitema, na hicho inachokitema ni mwanga. Badilisha mtoto mmoja kati ya wale watatu, rangi inabadilika: kijani, machungwa, nyekundu. Nilimuuliza kama anaweza kutengeneza rangi ambayo haipo. Alifikiri kwa makini kabisa, kama vile swali limetoka kwa mkubwa mwenzake, akasema, "Bado sijaweza."

Mwaka 2009 alipika kijani kimoja ambacho wenzake waliacha kazi zao wakaja kukitazama. Mjomba alikifungia katika kichupa cha kioo, nami nimekiona. Ni kijani cha mpunga mchanga baada ya mvua. Kikumbukeni hicho, kwa sababu nitakirudia, na nitakaporudi sitakuwa na maneno mazuri.

Adui wa mwanga huu ni oksijeni. Hewa hii tunayoivuta hapa ukumbini ikiugusa unga uliopata nguvu, inaiiba ile nguvu kabla haijawa mwanga, na taa inafifia. Ndiyo maana kioo cha simu kimezibwa pande zote, na ndiyo maana kiwandani mashine ya kuchapia taa hizo imewekwa ndani ya chumba kilichojazwa naitrojeni, mahali pasipo na oksijeni hata kidogo. Naitrojeni haina harufu. Haiwashi koo. Mtu akiingia mle hahisi chochote. Anavuta pumzi mbili tatu, magoti yanaishiwa nguvu, basi. Fundi akitaka kuingia kuirekebisha mashine, hewa ya kawaida lazima irudishwe kwanza.

Mwaka 2016 mafundi wawili wa kiwanda kingine walikufa kwa njia hiyo. Shangazi alisoma habari gazetini akiwa mezani, akaweka vijiti vyake chini. Aliniambia kwamba siku hiyo alijiona mjinga. Alikuwa ametumia miaka kumi na mitano kumfukuza mwizi wa mwanga, wala hakuwahi kufikiri kumwajiri. Ikiwa oksijeni inazima taa, basi taa ikiwaka maana yake oksijeni imetoweka! Akaanza kutengeneza beji. Ilikuwa utando mwembamba wenye unga wa platini, na nyuma yake kitaa kidogo cha zambarau kinachotumia betri ya saa. Kwenye hewa nzuri beji imepooza, rangi ya damu iliyokauka. Hewa ikipungua inaanza kuwaka nyekundu, na hewa ikiisha inawaka kama kaa la moto. Alichagua nyekundu ya platini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kikemia: ile ya platini huamka mapema, oksijeni inapoanza tu kupungua, ilhali kijani cha iridi hukawia. Ya pili haihitaji shahada. Mtu akiona nyekundu, anarudi nyuma.

Beji zilianza kuvaliwa mwezi Mei 2022. Mafundi walimtania. "Dkt. Fan katuvalisha taa za Mwaka Mpya," walisema, na fundi mmoja, Bwana Huang Cheng-fa, alimuuliza kama itawaka pia akipita karibu na mke wake. Tarehe 8 Agosti 2023 beji ya Bwana Huang iliwaka kweli, karibu na pampu. Alipiga kelele, wote wakatoka mbio, na bomba la naitrojeni lilipokaguliwa likakutwa limepasuka. Watu saba walirudi nyumbani siku ile kula chakula cha jioni. Nasema hivi kwa sababu katika barua ya rambirambi ya kampuni, yenye ukurasa mzima, tukio hilo halimo.

Kilichokumbukwa ofisini ni kitu kingine. Siku ile mashine ilisimama mchana kutwa, na wanunuzi kutoka nje walikuwepo, wakaona.

Wanaofanya kazi viwandani wananielewa nikitaja pakiti za kijani. Vile vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi huwekwa juu ya mashine ili itulie na isifanye ukaidi. Lazima pakiti iwe ya kijani, na isiwe imepitwa na tarehe. Ya njano inaivuruga mashine. Nyekundu ndiyo usithubutu. Sicheki. Shangazi mwenyewe, daktari wa kemia, alikuwa na pakiti juu ya kila kipimo chake, na mimi nilipokula moja kwa njaa aliniagiza nikanunue nyingine kabla ya kesho. Basi mkuu wa kitengo, Meneja Lo Chin-tang, alipoitisha mkutano mwezi Machi mwaka huu, alisema nyekundu kifuani mwa mafundi inaisumbua mashine na inawatisha wageni. Shangazi alitusimulia mkutano ule mezani, akiigiza sauti zote mbili, nasi tukacheka. Leo hakuna wa kucheka.

"Dkt. Fan, fundi akisimama mbele ya mashine na nyekundu kifuani, ni kama anaitukana."

"Mashine haina masikio, Meneja."

"Ina macho."

"Basi ikilia, mbembeleze."

Watu wakacheka, na Meneja Lo hakupenda. Akasema, "Wewe si unacho kijani chako, kile kizuri? Tia hicho. Kazi ni ile ile, rangi tu."

Hapo Shangazi aliacha utani. Alisimama akasema, na wapo humu ndani waliomsikia: "Katika jengo hili kijani maana yake ingia. Taa ya mlango ni kijani, taa ya mashine ni kijani, pakiti ni kijani. Mnataka nimvalishe mtu kijani kinachomwambia akimbie? Hata mimi pakiti naweka. Lakini kazi ya kupumua siwezi kuiachia pakiti ya vitafunwa. Mimi sitengenezi."

Akakataa. Hilo naomba liandikwe popote jina lake litakapoandikwa. Alikataa kwa sauti, mbele ya watu, akaketi.

Wakatengeneza bila yeye. Walichukua kutoka kabatini kijani chake cha mwaka 2009, kile cha mpunga mchanga, wakakitia kwenye utando. Mwezi Julai beji nyekundu zikakusanywa na za kijani zikagawiwa, pamoja na tangazo la karatasi moja ukutani: beji ikiwaka, toka. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walidhani wanasema kwa mafumbo.

Sasa nimefika kwenye aya ya ugonjwa, maana kila wasifu unayo. Tangu mwaka 2019 Shangazi alikuwa na shinikizo la damu. Alimeza kidonge kimoja kila asubuhi pamoja na maziwa ya soya, akilalamika kwamba kidonge ni kichungu na maziwa ni matamu mno. Alipanda ngazi za ghorofa zetu nne akiwa amebeba mboga na kunigombeza kwa wakati mmoja. Huo ndio ugonjwa wote. Juu ya kidonge hicho kimoja ndipo walipotaka kutundika kifo chake.

Siku ya Jumanne, tarehe 22 Oktoba, asubuhi, Bwana Huang alikuwa anataka kuingia kwenye chumba cha mashine. Hewa ilipaswa kuwa imerudishwa. Valvu moja haikuwa imefunga, naitrojeni iliendelea kutiririka, na kengele ya ukutani ilikuwa imezimwa wiki ile kwa sababu ilikuwa inalia ovyo. Bwana Huang ametusimulia mwenyewe, nyumbani kwetu, akiwa amepiga magoti na sisi tukimwomba ainuke.

"Nilikuwa nimeweka pakiti mpya asubuhi ile," alisema. "Nikatazama juu, kijani. Taa ya mashine, kijani. Nikatazama kifua changu, kinawaka kijani kizuri sana. Nikasema, leo imetulia, nikaingia. Lile tangazo nililisoma, Bwana Tseng. Kichwa kilijua. Miguu haikujua."

Shangazi alikuwa anapita ukumbi wa nje. Alimwona kupitia kioo, amepiga goti moja, na kifuani mwake kile kijani. Kati ya watu wote waliopita pale asubuhi ile, yeye peke yake ndiye aliyekiona na kujua papo hapo kinasema nini, kwa sababu alikipika yeye. Barakoa za hewa ziko mwisho wa ukumbi. Kama angezifuata, Bwana Huang angekuwa amekufa. Alipiga kelele, akavuta pumzi, akaibana, akaingia. Bwana Huang ana kilo themanini na tano. Shangazi alimburuta mpaka mlangoni, akamsukuma nje kwa miguu yake, na pumzi aliyoibana ikaisha akiwa bado upande wa ndani.

Daktari aliandika: alikufa kwa kukosa hewa. Cheti kipo mfukoni mwa Mjomba.

Tarehe 26 Oktoba Meneja Lo alikuja nyumbani Xinpu na msaidizi wake. Walikuwa wamevaa nyeusi, walileta matunda, walikunywa chai. Wakaomba kuuona wasifu kabla haujachapwa, wakasema kampuni ingependa kulipia uchapaji, karatasi nzuri, picha ya rangi.

"Tungeomba tu iandikwe kwamba moyo wake ulisimama," alisema Meneja Lo. "Si ndivyo ilivyokuwa? Moyo ulisimama."

Mjomba Tseng, ambaye mnamjua kwamba maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kikombe cha chai, akamjibu, "Moyo wa kila aliyekufa umesimama, Meneja. Na wako siku moja."

Baba yangu alisema yake walipokwisha kutoka. Nitamheshimu kwa kusema kweli. Kampuni ile ndiyo inayonunua persimoni zetu kila Mwaka Mpya, kuwapa wateja wao. Baba aliniambia, "Szu-tung, mwanangu, maneno hayamfufui mtu. Andika moyo, yaishe." Nami nikamjibu vibaya, mbele ya watu, jambo ambalo mtoto hafanyi, nikamuuliza kama maneno ya lile shati nayo yaliisha lilipofuliwa. Akaondoka akaenda kwenye matrei ya kuanikia persimoni.

Jibu alilitoa Bibi. Siku ya kufunga jeneza, Meneja Lo alirudi, amesimama nyuma pamoja na watu wake. Desturi yetu mnaijua: mtoto akimtangulia mzazi, mzazi hupewa fimbo aligonge jeneza, kumwadhibu kwa utovu huo wa adabu. Kuhani akampa Bibi fimbo. Bibi ana miaka themanini na mbili na mgongo wake umepinda kama mundu. Aliishika, akalitazama jeneza, akaishusha.

"Mpige tu kidogo, Mama," kuhani akamwambia. "Ni desturi. Kakutangulia."

"Hakunitangulia," akasema Bibi. "Kasukumwa."

Kisha akageuka. Watu walijitenga mbele yake, akatembea polepole mpaka aliposimama Meneja Lo, akainua fimbo na kumwekea ncha kifuani, pale pale beji inapokaa.

"Wewe ndiye uliyependa kijani?"

"Bi. Mkubwa, pole sana, kampuni inasikitika..."

"Nimekuuliza rangi. Kampuni sijaiuliza."

Bibi akamrudishia kuhani fimbo yake. "Mwenye kustahili nimempata," akasema, "lakini sina nguvu ya kumpiga inavyotakiwa." Akamtazama Baba yangu. "Na wewe, mwanangu, persimoni tutakula wenyewe. Acha mtoto aandike."

Baba ndiye aliyeupeleka wasifu huu kwa mchapaji, na amelipa yeye.

Basi hii ndiyo aya ya kifo, kama inavyopaswa kuwa: Dkt. Fan Kuei-jung alifariki tarehe 22 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, kwa kukosa hewa, akimwokoa mwenzake aliyedanganywa na beji ambayo yeye aliikataa na wakubwa wakaipitisha. Hakuna aliyemwomba radhi. Kilichokuja ni shada.

Na kinachonikera kuliko shada ni hiki. Asubuhi hii mmeingia ukumbini wafanyakazi wenzake, mmepangwa mistari, mmevaa sare kama mlivyoagizwa ili kumpa heshima, na nimesimama pale mlangoni nikiwapokea, na kila mmoja aliponiinamia nimeiona kifuani. Ya kijani. Wiki mbili na zaidi zimepita, mmeingia kazini nayo kila zamu. Valvu imebadilishwa, kengele imewashwa, beji imebaki, kwa sababu kuibadilisha ni kukiri. Jumatatu mtu mwingine atatazama kifua chake, ataona kijani kizuri, na miguu yake haitajua.

Kwa hiyo Mjomba Tseng ameweka sanduku kwenye meza ya mlango wa kushoto, pale ambapo kwa kawaida mgeni wa msiba hupewa uzi mwekundu wa kujikinga na mikosi arudi nao nyumbani. Leo hakuna uzi. Ndani ya sanduku kuna beji nyekundu, zile zile zilizokusanywa mwezi Julai. Ziliamriwa zitupwe, Shangazi alizibeba akazileta nyumbani na kuzisukuma chini ya kitanda changu. Mjomba amezitia betri mpya, moja moja, na amezijaribu zote. Kila anayefanya kazi karibu na chumba kile, apite pale, avue aliyonayo, achukue moja. Mkiambiwa ziondoeni, semeni mmepewa msibani, na cha msibani hakirudishwi. Meneja Lo, wewe umekaa safu ya pili, na sanduku lina ya kwako pia. Shangazi alikwambia kwa heshima mara moja. Mimi ni mtoto wa shule na heshima yangu ni haba, lakini nimekuambia mbele ya mashahidi, na safari hii limechapwa.

Marehemu ameacha mume, Bwana Tseng Kuo-chuan, mama mzazi, Bi. Peng Chao-mei, kaka, Bwana Fan Kuei-hsiang, na mkewe, Bi. Chung Li-hua, na mtoto wa kaka yake, mimi, Szu-tung. Bwana Huang Cheng-fa ameomba ahesabiwe pamoja nasi, yeye, mkewe na binti zao wawili, nasi tumekubali, kwa kuwa yuko hai kwa pumzi ya Shangazi.

Shangazi Kuei-jung, pumzika kwa amani, mahali penye hewa tele.

Mlango wa kushoto uko wazi.